Lori Limesimama Namanga: Kupanga Somo la Kuzungumza Kiingereza cha Biashara

Ukiombwa kufundisha Kiingereza cha biashara Namanga, kiweke kitabu kando kwanza, ujiulize ni wakati gani wa wiki mwanafunzi wako analazimika kukisema. Mpakani hapa Kiswahili kinatosha kwa mengi. Wakala wa forodha wa upande wa Kenya na mwenzake wa upande wa Tanzania huelewana kwa Kiswahili. Dereva na askari vivyo hivyo. Bei ya ng'ombe hupatanwa kwa Kimaasai au Kiswahili. Kiingereza huingia pale mwenye mzigo yuko Dubai au Uholanzi, pale mtalii anayeelekea Amboseli anapouliza swali ambalo halimo kwenye lebo ya bei, au pale mkaguzi wa mnunuzi wa ng'ambo anapozuru kiwanda cha nguo Athi River na kumtaka msimamizi anayeishi Kitengela aeleze kwa nini kazi imechelewa. Nyakati hizo ni chache, lakini ndizo zinazobeba pesa nyingi, na ndizo wanafunzi wako huziogopa.

Mwongozo huu ni wa kupanga somo moja la dakika 90 ambalo mhimili wake ni kazi. Kazi hapa ni jambo ambalo watu wawili au zaidi wanapaswa kulikamilisha kwa kuzungumza, na likikamilika kila mmoja chumbani anaona kwamba limekamilika. Sarufi imo, lakini inakuja baada ya mwanafunzi kujaribu kusema na kukwama. Mpangilio huu nauamini kwa sababu watu wazima wanaojiandikisha kusoma Namanga, Kajiado na Kitengela tayari walikaa shuleni miaka mingi wakijaza nafasi zilizoachwa wazi na kugeuza sentensi kuwa kauli ya kutendwa. Sheria wanazijua kuliko wanavyodhani. Nafasi ya kuzitumia wakiwa wanatafuta kitu fulani kutoka kwa mtu mwingine ndiyo hawakupewa.

Wazo lenyewe limekomaa. Kati ya 1979 na 1984, N. S. Prabhu na wenzake waliendesha mradi katika shule za kusini mwa India, uliojulikana kwa jina la mji wa Bangalore. Wanafunzi walipewa ratiba za treni, ramani na matatizo ya kutatua, na silabasi haikuwa na orodha ya sarufi. Prabhu alizigawa kazi katika aina tatu: zile ambazo mmoja ana taarifa ambayo mwenzake hana, zile zinazotaka watu wapime hoja ili wafikie uamuzi, na zile zinazotaka mtu atoe msimamo wake. Mwaka 1996 Jane Willis akachapisha mpangilio ambao walimu wengi wanaufuata hadi leo: maandalizi, kazi, kupanga ripoti, kutoa ripoti, kisha kuichunguza lugha. Somo ninalolieleza hapa limesimama juu ya mpangilio huo, ila limepunguzwa ili litoshe jioni moja ya watu waliochoka.

Itafute kazi kwanza

Wiki moja kabla ya somo, zungumza na kila mwanafunzi kwa dakika chache, kwa Kiswahili. Muulize ni lini mara ya mwisho alizungumza Kiingereza kazini, alikuwa na nani, na kila mmoja alitaka nini. Muulize pia alifanya nini alipokwama. Usimuulize anataka kujifunza nini. Atakujibu "sarufi" au "msamiati", kwa kuwa hayo ndiyo majina aliyoyazoea ya vitu vinavyofundishwa. Swali la tukio humtoa kwenye majina hayo likamrudisha kwenye dawati lake, simu mkononi, na mtu asiyemwona akisubiri jibu.

Ukikusanya majibu hayo utagundua kwamba mazungumzo ya mpakani yana sura zinazojirudia. Kuna kueleza kwa nini kitu hakiendi, kuomba hati irekebishwe, kukubaliana juu ya nani analipa gharama ya kuchelewa, na kumtuliza mtu aliye mbali. Tangu Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani kilipozinduliwa Namanga na marais Uhuru Kenyatta na John Magufuli tarehe 1 Desemba 2018, lori husimama mara moja tu, kwenye nchi linakoingia, na maofisa wa nchi zote mbili hulihudumia hapo. Utaratibu umefupishwa kweli, lakini lori likikwama, bado kuna mtu anayepaswa kupiga simu.

Kumbuka Machi 2021. Tarehe 5 mwezi huo Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori ya mahindi yakakwama hapa Namanga. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: muagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na asili ya mahindi ijulikane. Fikiria sasa simu za wiki ile. Mtu alipaswa kueleza jambo ambalo hakulisababisha, hajui litaisha lini, na linamgharimu msikilizaji pesa kila saa. Mazungumzo mengi ya siku hizo yalikuwa ya Kiswahili, bila shaka. Lakini sura yake, yaani habari mbaya, sababu, muda usiojulikana na hatua inayofuata, ndiyo ile ile utakayoifundisha kwa Kiingereza.

Kazi nzuri utaitambua kwa matokeo yake. Ukiwaambia wanafunzi wajadili faida na hasara za biashara ya mpakani, watazungumza dakika nne, wawili watazungumza zaidi, kisha chumba kitanyamaza na kukutazama wewe. Mjadala wa namna hiyo hauna mahali pa kufika, na hakuna anayemhitaji mwenzake ili aumalize. Ukiwaambia kwamba lori limesimama, kwamba wakala anajua sababu na mnunuzi hajui, na kwamba wakikata simu lazima dereva apewe agizo moja, hutahitaji kumbembeleza mtu aongee. Basi kabla ya kukubali kazi yoyote, jiulize: wakimaliza watakuwa na nini mkononi? Ikiwa huwezi kukitaja kwa sentensi moja, kazi bado haijaiva.

Kadi mbili za Kiswahili

Chukua kisa kinachofanana na maisha ya barabara hii. Mboga na maua ya Arusha yamekuwa yakivuka Namanga kwa miaka mingi ili yapande ndege katika uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Mzigo unaooza una faida kubwa darasani: saa inahesabiwa, kwa hiyo mazungumzo yana haraka yake ya kweli.

Kadi ya wakala iseme hivi: lori la maharagwe machanga limetoka Arusha na limefika upande wa Kenya saa nne asubuhi. Ankara inaonyesha katoni 480, lakini cheti cha afya ya mimea kinaonyesha 408. Ofisa hataliruhusu hadi karatasi zikubaliane. Cheti kilichorekebishwa kitapatikana saa kumi jioni. Kutoka hapa hadi uwanja wa ndege ni saa tatu hadi nne, kutegemea foleni ya Kitengela na Athi River. Njia nyingine ni kushusha katoni 72 na kuendelea na zile 408 zilizomo kwenye cheti.

Kadi ya mnunuzi iseme: uko Uholanzi, na ni majira yao ya joto. Hujui kama kuna tatizo lolote. Ndege ya leo inafunga kupokea mizigo saa 18:00 kwa saa za kwenu. Umeahidi maduka angalau katoni 400 kufikia Alhamisi asubuhi. Ndege ya kesho ina nafasi, ila nauli ni ya juu. Umekwishalipia katoni zote 480.

Kadi hizi ziandike kwa Kiswahili, zote mbili. Walimu wengi huziandika kwa Kiingereza wakidhani wanasaidia, kumbe wanampa mwanafunzi sentensi za kusoma kwa sauti. Akiwa na taarifa kwa Kiswahili hana cha kunakili. Anajua kila kitu kuhusu tatizo lake, kama anavyojua kazini, na sasa anapaswa kutafuta maneno. Hapo ndipo kujifunza kunapoanza.

Kabla ya somo, mpe wakala mmoja mzoefu nje ya darasa azisome. Atakuambia kama katoni zinaweza kushushwa hivyo au kama tamko la forodha litahitaji kubadilishwa kwanza, nani anatia sahihi, na jambo hilo huchukua muda gani. Rekebisha kadi kulingana na majibu yake. Watu wa kazi hii hukataa kuigiza upuuzi, na wana haki. Kosa la utaratibu likijitokeza katikati ya somo na mwanafunzi akalisahihisha, mshukuru, kisha umwombe alieleze hilo hilo kwa Kiingereza.

Angalia jinsi hesabu zilivyopangwa. Saa kumi jioni ukiongeza saa tatu au nne za barabara ni saa moja au saa mbili usiku. Saa 18:00 ya Uholanzi wakati wa majira yao ya joto ni saa moja jioni ya Nairobi. Kusubiri cheti ni kucheza bahati nasibu. Kushusha katoni 72 kunatimiza ahadi ya 400 lakini kunaacha swali la pesa za zile zilizobaki. Hakuna jibu moja, na ndivyo inavyotakiwa. Jozi mbili zikifikia maamuzi tofauti, utakuwa na sababu ya kweli ya kusikiliza ripoti.

Matokeo yawe mawili: ujumbe wa Kiingereza usiozidi sentensi nne kwenda kwa mnunuzi kuthibitisha walichokubaliana, na agizo fupi la Kiswahili kwa dereva. Hilo la pili usiliache. Ukitaka kujua kama wakala alielewa alichoambiwa kwa Kiingereza, tazama anachomwagiza dereva.

Dakika 90 zenyewe

Dakika 10 za mwanzo ni za kuwaingiza kwenye kisa. Andika ubaoni hati tatu wanazozijua, ankara, orodha ya vifurushi na cheti cha afya ya mimea, uulize ni ipi huleta shida mara nyingi. Majina ya Kiingereza ya hati hizo wanayo tayari, kwa sababu ndiyo yaliyochapishwa juu ya karatasi. Usifundishe msamiati mpya zaidi ya maneno manne au matano. Kishawishi cha kuwapa orodha ndefu ni kikubwa, na ukikubali, wataitumia simu yao kuonyesha kwamba wamekariri.

Kisha wape dakika 10 za kujipanga. Hapa mawakala wakae pamoja na wanunuzi wakae pamoja, kila kundi lifikirie litasema nini, litaombwa nini, litakataa nini. Waruhusu Kiswahili. Ninalisisitiza hili kwa sababu kuna madarasa ambayo Kiswahili bado kinatozwa faini, na faini hiyo humnyima mwanafunzi akili yake ya kazi wakati anapoihitaji. Katika utafiti waliouchapisha 1996, Pauline Foster na Peter Skehan waliwapa baadhi ya wanafunzi dakika 10 za kujipanga kabla ya kazi. Waliojipanga walizungumza kwa ufasaha zaidi na kwa sentensi zilizojengeka zaidi kuliko walioanza papo hapo. Jambo moja tu ulikataze: kuandika sentensi kamili. Vidokezo vya neno moja moja vinatosha.

Sasa simu ya kwanza, dakika 10. Wakae wakipeana mgongo. Wasipoonana uso, mkono hauwezi kueleza na kichwa hakiwezi kukubali. Kila kitu lazima kipite kwenye sauti, kama kwenye simu. Unaweza kumtoa mmoja nje ya chumba na kutumia simu kweli, lakini Namanga laini hurukaruka kati ya mitandao ya nchi mbili na bando la mtu linaweza kuliwa bila taarifa, kwa hiyo viti vya mgongo kwa mgongo ni salama zaidi. Mruhusu kila wakala kurekodi upande wake.

Wewe tembea, sikiliza, andika. Usimkatize mtu. Hata kosa likiwa baya kiasi gani, acha msikilizaji wake aligundue au alivumilie, kwa sababu huko kazini ndivyo itakavyokuwa. Andika sentensi walizozisema hasa, nzuri na mbovu, kwa maneno yao. Mwanafunzi akikuangalia kwa macho ya kuomba neno, mwonyeshe kwa ishara amuulize mwenzake.

Dakika 10 zinazofuata waandike ule ujumbe wa sentensi nne na agizo la dereva. Wakati huo huo kila mnunuzi, bila kumtazama wakala, aandike kwenye karatasi yake mambo manne aliyoyaelewa: nini kimetokea, kwa nini, mzigo utaondoka lini, na ameombwa nini. Karatasi hiyo ndiyo mtihani ninaouamini kuliko kalamu nyekundu ya mwalimu. Wakala anaweza kuwa amesema sentensi kumi zisizo na kosa na bado mnunuzi akaandika saa isiyo yake. Mwingine amevunja sarufi kila upande na mnunuzi ameandika yote manne sawasawa. Wote wawili wana la kujifunza, lakini la kila mmoja ni tofauti.

Ripoti zichukue robo saa. Kila jozi iseme mbele ya wenzake iliamua nini na kwa nini, na wasikilizaji wawe na shughuli: watafute uamuzi uliomgharimu mnunuzi kidogo zaidi. Hapa utaona sauti zikibadilika. Mtu akizungumza mbele ya kundi huchunga lugha yake kuliko akiwa na mwenzake mmoja. Anatafuta kauli safi, anajirekebisha. Usimharakishe. Skehan amekuwa akieleza kwamba ufasaha, usahihi na uzito wa sentensi hugombania usikivu uleule wa msemaji. Simu ilitaka haraka, ripoti inataka usahihi, na somo lizipe zote mbili zamu.

Lugha inayostahili dakika 20

Sasa rudi ubaoni na daftari lako. Andika sentensi sita ulizozisikia, mbili kati yake ziwe nzuri kabisa, bila majina ya waliozisema. Waulize ni zipi zingemwelewesha mnunuzi mara moja. Waache warekebishe wenyewe kabla hujasema neno. Roy Lyster na Leila Ranta, waliochunguza madarasa ya Kanada na kuchapisha matokeo 1997, waliona kwamba zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya kurudia tu sentensi ya mwanafunzi ikiwa sahihi, na njia hiyo ndiyo iliyowafanya wanafunzi wajirekebishe kwa kiwango kidogo kuliko zote. Mwanafunzi husikia mwalimu akikubali, akaendelea. Ukiuliza "ulisema saa ngapi?" na kusubiri, atalazimika kuitafuta mwenyewe.

Mambo yatakayojitokeza hutegemea wanafunzi wako, lakini kwa wazungumzaji wa Kiswahili kuna matatu ambayo ningeyaandalia kitu mapema.

Kubwa ni saa. Sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza. Wazungumzaji wa Kiingereza huanza usiku wa manane na adhuhuri. Wakala aliyechoka, akizungumza haraka, atafikiri "saa kumi" na kusema "ten o'clock", na mnunuzi ataandika saa nne asubuhi au saa nne usiku. Kila mtu darasani anajua tofauti hiyo ukimuuliza taratibu. Chini ya presha ya simu, ujuzi huo hupotea. Ndiyo maana kadi ya wakala ina saa za Kiswahili na ya mnunuzi ina saa za tarakimu za ishirini na nne, tena za nchi nyingine. Wafundishe kutumia mtindo wa saa 24 kwa Kiingereza na kutaja mji kila mara: "sixteen hundred, Nairobi time". Sikio la mnunuzi halina la kubahatisha hapo. Na wakumbushe kwamba Uholanzi hubadilisha saa zake mara mbili kwa mwaka: tofauti na Nairobi ni saa moja majira ya joto na saa mbili majira ya baridi.

La pili ni tarakimu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi huupeleka mkazo huo huo kwenye Kiingereza bila kujua. "Fifteen" ikitamkwa kwa mkazo wa mwanzo husikika "fifty", na katoni kumi na tano zimekuwa hamsini. Usipoteze muda kurekebisha matamshi ya watu wazima kwa jioni moja. Wape silaha ya kujilinda: kutaja tarakimu moja moja baada ya namba, "fifteen, one-five", na kuomba kurudia walichosikia, "Can I read that back to you?" Marubani wa ndege hufanya hivyo duniani kote na hakuna anayewadhania hawajui Kiingereza. Kauli hiyo moja ya kurudia ina thamani kuliko ukurasa mzima wa nyakati za vitenzi, na ningependa kila wakala wa Namanga aondoke nayo.

La tatu ni mpangilio wa habari. Adabu yetu ya simu huanza na salamu, ikapita kwa familia na hali ya hewa, ikazunguka kidogo, kisha tatizo likatajwa kwa upole. Ni adabu nzuri na sitaki mtu aiache. Mnunuzi aliye Uholanzi, mwenye ndege inayofunga saa 18:00, huisikia kama kufichwa. Salamu moja, kisha "We have a problem with one document", kisha sababu, kisha suluhisho mbili. Waonyeshe kwa kuwachezea rekodi mbili za darasa, wenye sauti wakikubali: ile ambayo tatizo lilitajwa mapema na ile ambayo lilichelewa. Watalisikia wenyewe.

Baada ya hapo, simu ya pili, dakika 10, na mtu mwingine. Martin Bygate na wengine waliochunguza kurudia kazi waliona kwamba mara ya pili mzungumzaji, akiwa tayari anajua atakachosema, hupata nafasi ya kuangalia jinsi ya kukisema. Badilisha kitu kimoja ili pasiwe na kukariri: ndege ya leo imeahirishwa hadi usiku wa manane, au ofisa amekubali kupokea nakala ya cheti kwa barua pepe. Wabadilishane pia kadi, aliyekuwa wakala awe mnunuzi. Dakika tano za mwisho kila mmoja aandike kauli mbili atakazozitumia wiki hii. Kuingia 10, kujipanga 10, simu 10, ujumbe 10, ripoti 15, lugha 20, simu 10, kufunga 5: jumla ni 90.

Darasa la watu wa nchi mbili

Namanga utafundisha Wakenya na Watanzania chumba kimoja. Mkenya alianza kusomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne. Mtanzania aliyepita shule ya serikali alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na Kiingereza kikawa lugha ya kufundishia sekondari. Matokeo yake Mkenya mara nyingi ataanza kuzungumza kwanza, hata asipokuwa na la maana la kusema. Usimnyamazishe. Mpe kadi ya mnunuzi, asiyejua kitu, na mpe mwenzake kadi yenye taarifa zote. Asiyezungumza haraka akiwa ndiye mwenye habari, mwenzake hana budi kumsubiri. Katika zamu ya pili watabadilishana, na kufikia hapo yule wa pili amekwishazoea sauti yake mwenyewe.

Watu watachelewa na simu zitawaita. Mizigo hufika usiku na mchana, na wakala aliyeitwa na dereva hawezi kukusubiri umalize maelezo. Panga kazi inayoweza kuchezwa na watu watatu: wa tatu awe msikilizaji anayeandika saa na tarakimu zote alizozisikia. Kazi hiyo ya kusikiliza ni ngumu kuliko inavyoonekana, na mtu akiondoka ghafla msikilizaji anashika kiti chake.

Wengine kwenye barabara hiyo hiyo

Mama anayeuza shanga karibu na kituo hahitaji cheti cha afya ya mimea. Ameshajua kutaja bei kwa Kiingereza. Kazi yake iwe ni mwenye duka la zawadi kutoka nje anayetaka bangili 200 za rangi mbili: wakubaliane bei ya jumla, malipo ya awali, na siku ya kukabidhi. Kadi yake imweleze wanawake wangapi wanamsaidia na kila mmoja hushona ngapi kwa siku, ili asikubali tarehe isiyowezekana kwa sababu tu ya kutojua kukataa kwa Kiingereza.

Kitengela, dalali wa viwanja atazungumza na Mkenya aliye Marekani kwa Kiswahili kilichochanganywa, mpaka mume au mke wa Kimarekani aingie kwenye simu na kuuliza hati miliki ni ya nani, barabara inafika wapi, na maji yanatoka wapi. Maswali hayo matatu yanatosha somo zima. Matokeo: orodha ya nyaraka zitakazotumwa kabla pesa yoyote haijatumwa.

Msimamizi wa kiwanda Athi River mpe mkaguzi, mzigo uliochelewa na mashine iliyoharibika. Mfumo ni ule ule wa lori, kwa hiyo sitaurudia.

Baada ya somo

Zihifadhi karatasi za wanunuzi. Zipange kwa tarehe, na baada ya masomo matano linganisha mambo manne ya kila mwanafunzi: je, saa sasa zinafika salama? Tarakimu je? Hapo utajua somo lijalo liegemee wapi, bila mtihani. Rekodi zifute isipokuwa mwenye sauti ameomba abaki nayo, kwa kuwa zina majina ya wateja na bei za watu.

Kisha waombe walete tukio. Kila mmoja aandike kwa Kiswahili, mistari mitatu, mazungumzo ya Kiingereza yaliyompata wiki hiyo au aliyoyakwepa kwa kumpa mwenzake simu. Hayo ya kukwepa ndiyo ya kuanza nayo. Toa jina la mteja, badilisha tarakimu, gawa habari kwenye kadi mbili, na umpelekee mtu wa kazi azikague kabla ya somo lijalo.